Masika Nilipojiandika Kwenye Daftari la Malalamiko

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekalia kiti kinachozunguka. Nimekizungusha mara mbili kabla mlango haujafunguliwa. Mara ya tatu Madam akaingia, nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Daftari hili ni amri yake. Madam ndiye mkuu wa huduma kwa wateja hapa kwenye kampuni yetu ya bima. Kaniambia, "Mkono wako mzito. Andika kila siku, hata mstari mmoja, mpaka ulainike." Ana haki. Mimi shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kuvutwa sikio. Nikauza nguo za mitumba sokoni miaka tisa, halafu nikaja hapa kupika chai na kupiga deki, miaka sita. Ndiyo maana kuanzia mlinzi mpaka wateja wananiita Mama Chai.

Kilichonitoa jikoni ni siku ile ya Januari kompyuta zilipogoma zote, watu arobaini wamejaa ukumbini na sura kama wamenyimwa urithi. Nikapita na birika. Huyu nammiminia, namuuliza kaleta nini. "Barua ya polisi unayo? Huna? Basi hata kompyuta zikipona utarudishwa, kaifuate kwanza." Zinapona, nusu ya watu wameshaondoka, tena wanacheka. Madam alikuwa kasimama mlangoni ananiangalia kama aliyeona paka anaendesha baiskeli.

Basi nimepewa dirisha la tatu, majaribio ya miezi mitatu, mpaka mwisho wa Mei. Nikifaulu nathibitishwa, napata mshahara wa dirishani na kitambulisho chenye picha. Nikifeli narudi kwenye ndoo. Sitaki kurudi. Chai si kazi mbaya, ila nimeshajua watu wanavyonisikiliza nikiwa nimekaa.

Jumanne, 4 Machi

Mkono unauma. Mvua bado.

Alhamisi, 6 Machi

Dirisha la pili kuna binti mwenye digrii. Mimi namwita Digrii, na kumbe anajua. Leo kanivuta pembeni. "Mama Chai, mteja haitwi mpenzi. Anaitwa mteja."

Ni mdomo wa sokoni huo, haujavuliwa. Kule kila anayepita ni mpenzi, mrembo, tajiri wangu. Tatizo, baba niliyemwita mpenzi leo alikuja na mkewe. Mke kaniangalia, kamwangalia mumewe, akauliza, "Mnajuana?" Yule baba kajaza fomu haraka haraka, namba ya simu kaikosea mara tatu.

Digrii ana shingo ndefu ya kunitazama kutoka juu. Nadhani ananiona kama kiatu kilichoachwa mezani.

Ijumaa, 7 Machi

Madam kanisomesha sheria tatu za dirishani. Ya kwanza, usibishane. Ya pili, usimguse mteja. (Hii ni kwa ajili yangu, nilimfuta mtoto wa mtu kamasi.) Ya tatu, usimtajie mteja siku atakayolipwa. "Siku ya malipo inatoka juu," kasema. "Wewe unasema faili linashughulikiwa. Basi."

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe, tunakaa naye, kaniuliza kazi mpya ikoje. Nikamwambia nakaa, naongea na watu.

"Unakaa?"

"Nakaa, mama."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Na wanakulipa?" Akamgeukia mwanawe, yaani mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, aliyekuwa anakula kimya. "Umesikia? Mimi nimekaa hapa miaka kumi na moja naongea na nyie. Mshahara wangu uko wapi?"

Mume wangu akaomba chumvi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza. Ndogo, ya adabu.

Jumatano, 19 Machi

Ya adabu bado. Nimehudumia watu ishirini na sita, hakuna aliyelia.

Jumanne, 25 Machi

Adabu imekwisha. Imenyesha tangu juzi bila kupumua. Mtaa wa maduka ule wa bondeni umejaa maji mpaka magotini, na wote wenye bima ya mafuriko kule wamekuja leo, viatu mkononi. Nimepiga deki mwenyewe mara mbili kwa mazoea, mpaka Madam akaniita, "Mama Chai, rudi kwenye kiti chako." Mpika chai mpya kanikasirikia, eti namwibia kazi.

Alhamisi, 27 Machi

Watu sitini na moja. Nimejifunza kazi hii kweli ni nini. Mtu hajaja kwa ajili ya karatasi. Kaja kumwonyesha mtu mwingine kilichompata. Ukimwacha aseme dakika mbili, fomu inajazika kwa dakika tatu. Ukimkatiza, mtashinda hapo.

Kaja mama mmoja fundi cherehani. Mtu mzima, mikono safi, futi ya kupimia bado iko shingoni kama kipimo cha daktari. Vyerehani vyake vitatu vimelala ndani ya maji usiku mzima. Kanieleza kila kimoja kama ndugu aliyelazwa. "Huyu mweusi, mwanangu, nimeanza naye. Hakuwahi kunikatia uzi." Nikamfungulia faili. Akanishukuru, akanyoosha kola yangu, akasema aliyeishona alikuwa na haraka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Foleni. Fundi cherehani karudi, kola yangu kainyoosha tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefanya kitu. Nakiandika haraka kisipate nafasi ya kupendeza.

Fundi cherehani karudi mara ya tatu. Mara ya pili nilimwambia faili linashughulikiwa, na leo nikamwambia hivyo hivyo. Akakaa tu pale. Akatoa futi ya kupimia shingoni akaanza kuikunja, anakunja, anakunjua. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, kuna kazi ya sare za wauguzi inanisubiri. Mwenye cherehani cha kuuza kanishikia kimoja. Wote wananiuliza lini. Mimi niwajibu nini?"

Na machozi yakamtoka.

Mimi sokoni miaka tisa sikuwahi kumwacha mteja aondoke na huzuni. Mtu akitaka koti la bluu na huna, unamwambia njoo Alhamisi, mzigo unashuka. Mzigo gani? Hujui. Lakini anaondoka kachangamka, na Alhamisi mna la kuongea. Kule kila mtu anajua Alhamisi ile ni maneno ya kumfuta mtu jasho tu. Hakuna anayeipangia safari.

Nikamwambia, "Ijumaa, mama. Ijumaa hii utalipwa, usijali kabisa."

Uso wake ulifunguka kama duka asubuhi. Akanishika mkono kupitia kidirisha, akaondoka anatembea kama msichana.

Digrii alisikia. Shingo tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Tangu asubuhi mpaka tunafunga, naangalia mlango. Hakuja. Nimefurahi kwamba hakuja, na hiyo furaha siiamini.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo naandika nikiwa stoo, mapumziko ya mchana, juu ya boksi la karatasi za chooni. Mkono utauma lakini acha niandike yote.

Fundi cherehani kaja saa tatu. Mashine ya namba haina huruma. Kulikuwa na madirisha manne, ikaita, "Namba kumi na saba, dirisha namba tatu." Akasimama mbele yangu. Hakukaa.

"Karibu, mama," nikasema.

"Mimi si mama yako. Nimekuja kulalamika."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu wewe."

Mwenzangu, unajua ile hali mguu unakosa ngazi ya mwisho? Ndiyo hiyo, na nimekaa.

Akanieleza. Maneno yangu ya Jumatatu aliyabeba kama hundi. Akaenda kwa mwenye cherehani, akamwambia Ijumaa jioni kilete, kampuni inanilipa. Akawaambia wauguzi kazi naipokea. Ijumaa akatukuta tumefunga, maana Ijumaa ile mvua ilikata umeme tukafunga saa nane, mimi nikaenda zangu nyumbani nikiwa na furaha yangu ya kijinga. Akarudi akakuta mkokoteni mlangoni kwake, cherehani juu yake kimefunikwa nailoni, mtaa mzima umetoka kuangalia. Yule mwenye cherehani akangoja, akaangalia saa, akamwambia msukumaji, "Geuza." Na kazi ya sare wamempa fundi mwingine.

"Ungeniambia hujui," akasema. "Kwani kusema sijui kunakatisha ulimi? Ningeweka mipango yangu kwa kutojua. Nimezoea kutojua."

Sasa hapa nieleze, maana ndipo penyewe. Tuna madaftari mawili kaunta. La kijani ni la maulizo. Mtu kauliza faili lake limefika wapi, unaandika mstari mmoja, imekwisha, hakuna anayelisoma. Jekundu ni la malalamiko. Kurasa zake zina namba, huwezi kuchana. Unaandika maneno ya mteja kama alivyoyasema, na jina la mfanyakazi anayelalamikiwa, halafu unamsomea mteja mbele ya mfanyakazi mwingine, wote mnatia sahihi. Nakala inaenda kwa Madam na makao makuu, na faili la huyo mteja lazima lifunguliwe na lijibiwe ndani ya siku saba. Ukutani kwetu kuna cheti kwenye fremu, kinasema tawi hili lina miaka mitatu halijapata lalamiko hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa nakipangusa vumbi.

Nikaenda dirisha la pili kuchukua daftari. Digrii akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Chai, usiwe mjinga. Andika kwenye la kijani. 'Mteja ameulizia malipo.' Kila mtu hufanya hivyo. Uko kwenye majaribio."

"Na faili lake?"

"Litasubiri zamu yake kama mengine."

Nikamwangalia yule fundi. Miwani yake ilichukuliwa na maji, aliniambia siku ya kwanza. Ningeweza kuandika orodha ya mboga, nikamsomea ninachotaka. Sisemi hivi kujisifu. Nasema kwa sababu nilisimama pale na madaftari mawili, moja mkono huu, moja mkono huu, na nilisimama muda mrefu kiasi kwamba mteja wa dirisha la nne akauliza kama nimepigwa na shoti.

Nililiwaza la kijani kwa nguvu zote. Niliwaza kiti, mshahara, kitambulisho. Halafu nikawaza mkokoteni unageuzwa.

Nikafungua jekundu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa bado unanukia gundi.

Nikaandika. Mkono huu mzito ulichukua nusu saa. Yeye anasema, mimi naandika, na nikikosea ananisubiri. Tulipofika kwenye jina la mfanyakazi nikaandika jina langu kamili, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo hakuna anayelijua. Fundi akauliza, "Huyo ndiye nani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Andika na Mama Chai, wasije wakamfukuza mwingine."

Nikaandika na Mama Chai.

Ilibidi awepo mfanyakazi wa pili, nikaomba asome yeye. Digrii akaja, kalishika daftari kama sahani ya moto. Kasoma kwa sauti, ukumbi mzima unasikia: "'Mwanamke huyu aliniambia Ijumaa na macho yake makavu. Nimeaibika mbele ya mtaa. Nataka pesa yangu ya bima, na nataka huyu mwanamke afundishwe kusema sijui.'"

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi.

Nikatia sahihi. Digrii katia sahihi. Fundi kaweka ya kwake kwa kugusa karatasi kwanza na kidole kutafuta mstari. Akaondoka bila kunyoosha kola ya mtu.

Jumanne, 15 Aprili

Madam kaniita ofisini. Dakika nne. "Umevunja sheria ya tatu." Ndiyo, Madam. "Na ukajiandika mwenyewe." Ndiyo, Madam. "Kwa nini?" Nikasema sijui. Ndiyo mara ya kwanza kuitumia, na nimeona haikatishi ulimi.

Kaangalia cheti ukutani muda mrefu. "Rudi kazini. Nitaamua mwisho wa Mei kama nilivyosema."

Nyumbani nikamweleza mume wangu yote. Yeye si mtu wa maneno. Kaniambia, "Nami niliwahi kuchomelea geti la mtu kinyume, likawa linafunguka barabarani. Nikarudi kulitoa mchana kweupe, watu wanaangalia." Akaendelea kula. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Mama mkwe yeye kasema, "Kwa hiyo sasa wanakulipa ukae na ujisengenye."

Jumatano, 16 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Wateja wananitania. "Mama Chai, leo ni siku gani? Usiseme Ijumaa!"

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya saba tangu nakala imfikie Madam. Faili la fundi limefunguliwa kwa sababu jekundu limelazimisha. Na unajua limekutwa na nini? Mthamini, yule anayepita kuangalia hasara, alishakwenda dukani kwake tangu tarehe mbili, kaandika ripoti nzuri kabisa, na ripoti ikabanwa pini kwenye faili la muuza viatu wa duka la jirani. Ingekaa humo mpaka masika ya mwakani. Faili lake lilikuwa kwenye rundo la "wanasubiri mthamini" na lingesubiri kwa uaminifu wote.

Muuza viatu naye kumbe alikuwa anashangaa kwa nini anaulizwa habari za vyerehani.

Ijumaa, 25 Aprili

Kalipwa. Kaja kutia sahihi, dirisha la nne, si langu. Wakati wa kutoka kapita mbele yangu. Nikasimama.

"Mama, kazi ya sare..."

"Imekwenda," kasema. "Nitapata nyingine." Akaniangalia kidogo. "Ile Ijumaa bado nimekasirika nayo. Lakini kuandika uliandika."

Nilitaka kumwambia maneno matamu, yalikuwa tayari mdomoni yamejipanga foleni. Nikayaacha. Nikasema, "Asante, mama." Hakunikatalia hiyo mama.

Jumatatu, 28 Aprili

Wakati wa chakula Digrii kanifuata stoo. Kakaa kwenye boksi la pili, na sketi yake ile nyeupe.

"Mwaka huu nimeandika malalamiko kumi na tisa kwenye la kijani," kasema.

Nikaacha kutafuna.

"Nimeyahesabu jana. Walioniambia kuandika hivyo walikuwa wananifundisha kazi. Niliogopa. Wewe una majaribio ya miezi mitatu, mimi mkataba wangu ni wa mwaka na unaisha Julai. Nyumbani wanaamini nimeajiriwa moja kwa moja."

Loo. Kumbe shingo ile ilikuwa ndefu kwa kuchungulia kama kuna anayemwona. Nikamkatia nusu ya mkate wangu. Akala. Nikamwambia, "Mpenzi, sketi yako itachafuka." Akasema, "Mteja haitwi mpenzi." Nikamwambia wewe si mteja.

Jumatano, 30 Aprili

Digrii kayahamishia yote kumi na tisa kwenye jekundu, mwandiko wake mzuri kama kadi za harusi, na jina lake chini kila alipohusika. Alipeleka mwenyewe kwa Madam. Mlango ulifungwa robo saa. Alitoka macho mekundu lakini mgongo umenyooka.

Jumanne, 6 Mei

Cheti kimeshushwa ukutani. Pamebaki mraba msafi kuliko ukuta mzima. Hakuna anayeongea na mtu. Dirisha la nne kaniambia nimewaletea balaa. Nimempikia chai, nzito, sukari mbili kama anavyopenda. Kainywa kwa hasira.

Jumatano, 14 Mei

Mvua inapungua. Faili kumi na moja kati ya zile kumi na tisa zimekutwa zina kasoro yetu, si ya mteja. Muuza viatu yumo.

Jumanne, 20 Mei

Wamekuja wawili kutoka makao makuu, mwanamume na mwanamke, suti za rangi moja kama wametoka pakiti moja. Wamesoma jekundu kuanzia ukurasa wa kwanza. Mwanamke kafika kwenye "wasije wakamfukuza mwingine" (niliyaandika na hayo, si ndiyo sheria, maneno yote) akaziba mdomo na mkono. Sikujua kama ni hasira au kicheko. Sikulala vizuri mchana wa mapumziko, na mimi kwa kusinzia nina kipaji.

Alhamisi, 29 Mei

Kesho. Nimefua ile blauzi yenye kola ya haraka. Mama mkwe kaniombea bila mimi kuomba, tena kwa sauti, ili Mungu na majirani wasikie pamoja.

Ijumaa, 30 Mei

Madam kanikalisha. Mbele yake faili langu, jembamba.

"Ulimwahidi mteja tarehe," kasema. "Hilo limeandikwa humu na sitalifuta. Alipoteza kazi kwa sababu yako."

"Ndiyo, Madam."

"Na mimi nilikaa miaka mitatu chini ya cheti nikiamini hatuna malalamiko." Sikuwahi kumwona Madam akitafuta neno. Huwa maneno yanamsubiri mlangoni. "Makao makuu wanataka kila tawi liwe na dawati la malalamiko, lenye mtu wake. Nimewauliza madirisha yote. Mmoja kasema ana mgongo. Mwingine kasema bora aache kazi. Wa dirisha la pili kasema mpe Mama Chai, nami niwe msaidizi wake, kama mkataba utaongezwa."

"Utaongezwa?"

"Nimeuomba leo. Jibu sijui."

Nikaipenda ile sijui yake.

"Umethibitishwa," kasema. "Si dirishani. Dawati lile. Kila atakayekuja kwako atakuwa amekasirika. Unalitaka?"

Nikafikiri sekunde moja, kwa heshima tu. "Madam, sokoni niliuza suruali moja mguu mfupi, na mteja akarudi kununua nyingine. Nalitaka."

Kacheka. Madam! Ana meno mazuri, amekuwa akiyaficha tu.

Nyumbani mume wangu kakiangalia kitambulisho changu kipya, mbele, nyuma, mbele. "Umefumba macho," kasema. Ni kweli, nimefumba. Mama mkwe kakitaka, kakishika mbali na uso, halafu karibu, halafu kakipeleka kwa jirani na hakukirudisha mpaka chakula kimepoa.

Jumatatu, 2 Juni

Jua limetoka, ukumbi umekauka. Dawati langu liko kwenye kona, viti viwili, daftari jekundu katikati.

Wa kwanza kaingia saa mbili na robo. Baba mnene, shati limetoka nje, karatasi zake kazikamata kama anazinyonga. Kazitupa mezani. Nikamvutia kiti, nikachukua kalamu.

"Karibu, baba. Lalamiko lako nitaliandika kama utakavyolisema, neno kwa neno, kisha utasomewa na utasaini. Jibu utapata ndani ya siku saba. Litakuwa zuri au baya, hilo sijui. Haya, nasikiliza."

Akaangalia nyuma, akaniangalia mimi, akakaa.

"Nilikuwa nimejiandaa kugombana," kasema, kama mtu aliyesahau mzigo njiani. "Tangu nyumbani nimekuja najifundisha."

"Gombana tu, baba," nikamwambia. "Mimi naandika."